Jiwe Jeupe la Kivukoni

11 Januari

Kwa kitinda mimba wangu,

Salamu zangu zikufikie huko mlimani, na kama zimechelewa ujue zimekuja kwa gia ya kwanza kama mwenyewe. Hujambo? Kifua je? Ule ubaridi wa asubuhi pale kwenye mdomo wa pango naujua, unaingia hadi kwenye meno. Vaa koti la mama yako. Usiniambie limepitwa na wakati, baridi haijui mitindo. Mimi sijambo. Miguu ipo, meno yapo yaliyobaki, na chai nachemsha mwenyewe.

Ningekupigia simu, lakini huko kwako haishiki, na hata ikishika mimi nasikia nusu na nusu nyingine nabuni. Kwa hiyo kaa chini usome.

Ni habari ya macho. Nilikwenda kwa daktari, akaniweka kidevu kwenye mashine yake, akaniambia ni presha ya macho. Nilidhani presha ni ya tairi na ya wakubwa tu. Anasema yaliyokwisha kupotea hayarudi, na dawa ya matone itazuia kidogo hayo yaliyobaki. Ugonjwa wenyewe unakula pembeni ukija katikati. Sasa hivi nikikaa kitandani namwona mtu aliyesimama mlangoni, ila mlango siuoni. Ni kama natazama kupitia bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Nikamuuliza muda gani. Akasema, "Mzee, pengine mwaka, pengine pungufu."

Basi mwanangu, nina ombi moja. Nataka kuiona njia yangu na mapango kabla giza halijafika katikati. Uje na gari letu la fo-wili unichukue hapa, unipitishe Kinyozi na miiba yake, unipitishe Kona ya Kikohozi injini ikohoe, kivuko, zile Ngazi za mawe, hadi mdomoni. Tuingie chemba ya tatu, uzime taa kwa dakika moja kama tulivyokuwa tukiwafanyia wageni, wajue giza lenyewe ni kitu gani. Halafu uwashe, niyaone yale mawe yanavyoning'inia. Nikishayaona, macho yafunge duka.

Najua unajua, lakini nitasema tena. Kivukoni, jiwe jeupe likiwa kavu, pita. Likilowa kichwa, subiri. Likizama, rudi ukalale. Na hata likiwa kavu, gari haliingii majini kabla ya miguu. Shuka, shika fimbo, tembea kwanza. Mama yako na mimi tuliichonga njia ile miaka minne, mtaimbo mmoja na sururu moja, na hatujapoteza gari hata moja. Waliponicheka eti nampa mtoto wa kike usukani, niliwaambia Ngazi hazimuulizi mtu jinsia. Ukanifuta machozi siku ile ulipopanda zote kumi na moja bila kuzima injini.

Miaka miwili sasa hujaja. Sikulaumu, kazi ni kazi. Lakini njoo.

Ni mimi baba yako,
Gia Moja


24 Januari
(Hii sikuituma.)

Baba, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya debe nyuma ya stoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye Kinyozi nashindwa kuendelea.

Baba, njia yako imekufa. Mvua ile kubwa ya mwaka juzi ilibomoa kingo za mto, ikachimba kivuko na kulibeba jiwe jeupe, sijui liko wapi. Wakubwa walikuja, wakatazama dakika kumi, wakasema haifai kutengenezwa. Kumbe greda lilikuwa limeshaanza kuchonga barabara upande wa pili wa mlima. Siku hizi magari madogo yanafika mlangoni kabisa. Watu wanashuka na kandambili. Wanaingia chemba ya kwanza, wanapiga picha, wanatoka, wanauliza choo kiko wapi. Chemba ya tatu haifiki mtu.

Fo-wili letu liko juu ya mawe, matairi yametolewa. Kuku wa mpishi anataga kwenye kiti chako.

Na mimi siendeshi tena. Nagawa kofia ngumu dirishani. Kuna ndogo, kuna ya kati, kuna kubwa. Saa tisa magari yanaondoka na wenzangu wanaondoka nayo kwenda mji wa upande ule, nabaki mimi na funguo. Kuna siku neno la mwisho ninalotamka kwa mdomo wangu ni "rudisha kofia", na hapo jua bado liko juu.

Nilitaka kukuambia mwaka juzi. Nilifika hadi kituo cha basi na mkoba wangu, nikageuka. Ulisimama mbele ya madereva wote ukasema huyu ndiye atakayeishika njia yangu. Nije nikuambie njia hakuna, na mshika njia anagawa kofia? Ndiyo maana siji. Ukinitazama usoni utajua. Uso wangu haujui kudanganya, mkono ndio umejifunza.

Sasa unaniambia una mwaka mmoja wa kuona, na unataka kuona kitu ambacho hakipo.


25 Januari

Baba mpenzi, shikamoo.

Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima, na matone ya macho unayatumia kama ulivyoambiwa, siyo kama ulivyokuwa ukitumia dawa ya kikohozi, siku ukikumbuka. Mimi huku sijambo. Koti la Mama nalivaa, limenikaa.

Habari ya macho imeniumiza sana Baba. Nimelia, sikufichi.

Nitakuja kukuchukua, lakini siyo sasa. Wageni ni wengi mno, nashuka na kupanda kila siku, na msimamizi hanipi nafasi. Halafu mvua za Machi ziko mlangoni. Unazijua Ngazi zikilowa. Tusubiri zipite, mto utulie, nije nikupitishe polepole kwa gia yako. Njia iko salama. Kinyozi bado ananyoa, juzi amechukua kofia ya mgeni mmoja na sehemu ya sikio. Jiwe jeupe lipo, nalipaka rangi kila mwaka kama ulivyonifundisha.

Jitunze Baba yangu.

Wako,
Kitinda mimba


9 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na tena marahaba. Nimecheka kwa lile sikio hadi jirani yangu fundi cherehani akagonga ukuta. Baada ya kucheka nikaketi, maana chumba hiki ukishamaliza kucheka kinanyamaza mara moja. Dirisha langu linatazama ukuta wa nyumba ya pili. Zamani niliona ukuta mzima na kipande cha mbingu. Sasa naona tofali nne. Nimezizoea, moja ina ufa.

Huyu fundi cherehani ananipima macho kila Jumamosi kwa nyuzi. Anazishika tatu mkononi, nyekundu, bluu, njano, ananiambia nitaje. Mwezi uliopita nilitaja zote. Juzi nimetaja moja, nikasema hizo mbili umezificha. Alikuwa amezishika vilevile. Hakucheka, na yeye ni mtu wa kucheka.

Nina maswali mawili ya kidereva. La kwanza, barua zako siku hizi zinachukua siku sita. Zamani ulimpa anayeshuka asubuhi, jioni yake ninayo. La pili, nimetazama bahasha kwa kioo cha kukuzia, muhuri ni wa posta ya ng'ambo ya mlima. Barua inatokaje upande ule, nawe unashukia upande huu?

Siyo kwamba nakushuku. Mtu akikaa na tofali nne anakuwa mpelelezi.

Kuhusu mvua, sawa, mwenda pole hajikwai, na mimi ndiye mwenye jina. Lakini nipigie picha ya jiwe jeupe, uniletee kwenye bahasha. Nikiliona jiwe, nitajua njia ipo, nitasubiri kwa moyo mmoja. Mama yako ndiye aliyelichagua lile jiwe. Nilitaka kubwa zaidi, akasema, "Mume wangu, jiwe halipimwi ukubwa, linapimwa ukweli." Nikamwachia.

Nitumie picha.

Baba yako,
Gia Moja


1 Machi

Baba, shikamoo.

Sijambo, na nakuombea uwe hivyo na zaidi. Barua zinachelewa kwa sababu ofisi ilihamishia sanduku la posta upande wa pili, mambo ya wakubwa, hata sisi hatukuulizwa. Anayeshuka siku hizi haruhusiwi kubeba barua za watu.

Picha hii hapa. Nilishuka kivukoni jana, jua likiwa zuri. Jiwe limekauka, kama unavyoona, na rangi ni mpya. Niliposimama pale nilimkumbuka Mama, na nikakukumbuka wewe ukivua viatu ukimwambia mto, "Hodi."

Subiri mvua ziishe tu Baba. Nakuahidi.

Wako,
Kitinda mimba


20 Machi

Mwanangu wa pekee mwenye akili,

Picha imefika! Niliipeleka dirishani, nikaisogeza polepole mbele ya bomba langu, mara majani, mara maji, mara halipo, halafu likatokea. Jeupe kabisa. Nililia, ndiyo, tena mbele ya fundi cherehani, hanitishi. Wapangaji wote wameshaonyeshwa. Mmoja ameniuliza, "Mzee, sasa hili si jiwe tu?" Nimemwondoa kwenye orodha ya watu wenye akili.

Ninaiweka chini ya mto wa kulalia, kwa sababu ukutani siioni.

Naona unahangaika na wageni na wakubwa wako. Usihangaike kuja, mama. Kila jambo na njia yake. Wewe kaa tu hapo hapo mapangoni.

Baba yako mwenye furaha,
Gia Moja


30 Aprili

Baba, shikamoo.

Hujambo? Nimesubiri barua yako wiki ya kwanza, ya pili, sasa ni ya sita. Umeniambia nisihangaike kuja na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisema basi, amepata picha, ametulia. Lakini kimya chako sikijui. Wewe hata ukinuna huwa unanuna kwa kurasa nne.

Mvua huku imekuwa nyingi. Magari hayaji, na mimi nazipanga kofia, nazipangua, nazipanga tena. Niandikie hata mstari mmoja. Mwambie fundi cherehani akuandikie.

Wako,
Kitinda mimba


21 Mei

Baba, shikamoo.

Kama nimekukosea niambie. Kama unaumwa, mtu yeyote anayeisoma barua hii badala yako aniambie.

Kitinda mimba


2 Juni

Binti yangu,

Nimepata barua zako mbili. Sikujibu kwanza kwa sababu nilikuwa na homa ya mapafu, na baadaye kwa sababu nilikuwa na hasira. Homa imepona.

Nikueleze lilivyokuwa. Unamkumbuka fundi gereji mwenye kidole nusu, mwenzangu wa zamani. Alikuwa na fo-wili la mteja, amelitengeneza klachi, linataka kujaribiwa. Nikamwambia, "Tukalijaribie njia yangu. Wewe shika usukani, mimi nitakuambia pa kupita. Tumfanyie mtoto ghafula." Mapema Aprili tukaondoka. Nilivaa viatu vya kazi. Nilikuwa na picha yako mfukoni.

Kinyozi hatukumtambua. Majani yamefika kwenye boneti. Fundi akashuka, akatazama chini, akasema, "Mzee, hapa haijapita tairi." Nikamwambia wewe fundi wa gereji, njia huijui, mwanangu ana uendeshaji mwepesi, hauachi alama. Ndivyo nilivyosema. Mbele tukakuta mti umelala njiani, nao una uyoga. Nikamwambia labda anapita pembeni. Akatoa shoka. Kona ya Kikohozi tulimaliza saa mbili nzima. Nilikuwa nakutetea, mwanangu. Kila hatua nilikuwa na sababu mpya ya kukutetea, hadi fundi akaanza kunionea huruma, na mimi huruma ya mtu mwenye kidole nusu siitaki.

Tukafika kivukoni. Nikashuka, nikatafuta kwa bomba langu, nikaliona jiwe. Jeupe, kavu, rangi haina hata miezi miwili. Nikapiga kelele. Nikamwambia fundi, "Unaona? Si nilikuambia? Mwanangu yupo!" Fundi akasema, "Basi mzee, kumbe kweli, tuingie." Akatia gia nzito. Nilikuwa nimeshashika mlango nipande.

Kuna neno lako, na kuna kanuni yangu. Miaka yote vilikuwa kitu kimoja. Siku ile nilisimama kati yao sijui kwa nini, pengine mazoea tu. Nikamwambia ngoja, gari haliingii majini kabla ya miguu. Nikavua viatu. Nikasema hodi. Hatua ya kwanza magoti. Ya pili kiuno. Ya tatu hakuna chini. Maji yakanichukua fimbo na miguu pamoja. Fundi alinikamata kwa ukosi wa shati, na shati lilikuwa zee, lilianza kuchanika. Lingechanika lote ungeletewa habari nyingine.

Tulipokaa kwenye majani, mimi nikitapika maji, fundi akaniambia kitu ambacho mimi kwa bomba langu sikukiona. "Mzee, lile jiwe haliko mtoni. Liko juu kwenye ukingo wa ng'ambo. Hata mto ujae vipi, haliwezi kulowa."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako inaishia kivukoni.

Tukageuka. Ulikuwa mbele yetu kilomita saba.

Fundi ameshauliza watu, ameniambia yote, barabara mpya, greda, magari ya kandambili. Nisikilize sasa. Njia kufa siyo kosa lako. Mto una nguvu kuliko mimi na mama yako, hilo nalijua tangu siku ya kwanza. Ungeniambia, ningelia siku tatu, ningemtukana msimamizi wako kwa barua, halafu ungekuja kunichukua kwa barabara hiyo hiyo ya kandambili na ningeyaona mapango. Januari nilikuwa bado naona. Umenificha nisiumie, nami nimeumia na sikuona. Nilikuwa na machache ya kuona yaliyobaki, na ya mwisho katika njia yangu yote ni jiwe la uongo.

Sijui niandike nini tena. Hii nimeiandika kwa siku nne, herufi kubwa kama za darasa la kwanza.

Baba yako


14 Juni

Baba, shikamoo. Kama hutaki kuitikia nitaelewa.

Ndani ya bahasha hii nimeweka barua niliyoiandika Januari, sikuituma. Kila kitu kimo, mpaka kuku. Isome, au usomewe. Ningeituma siku ile, mambo haya yasingetokea. Siku iliyofuata niliandika nyingine, ukacheka kwa habari ya sikio, na mimi nikaona kicheko chako ni kheri kuliko ukweli wangu. Nilijidanganya kwamba nakuhurumia. Nilikuwa najihurumia mwenyewe. Nilitaka abaki mtu mmoja duniani anayeamini kwamba mimi bado ni dereva.

Jiwe nililichagua kwa sababu jua lilikuwa linalipiga vizuri. Sikufikiri kwamba mtu atalitazama akiwa na gari nyuma yake. Mimi, niliyefundishwa na wewe, nikapaka rangi jiwe bila kutazama maji. Nimekaa na hilo tangu barua yako ifike, silali vizuri, na nastahili.

Juzi nilishuka kivukoni na brashi ya chuma. Nimelisugua hadi rangi yote ikatoka, vidole vikatoka damu, nikalisukuma mtoni likazama.

Baba, naweza kuja hata kesho, nikuzungushe kwa basi na barabara mpya. Nakuomba uniruhusu. Sina haki ya kuomba.

Mwanao


3 Septemba

Baba, shikamoo.

Miezi miwili na nusu hujajibu. Sikulaumu. Wewe uliniambia hivyo mwaka huu nilipokuwa sistahili, nami nakurudishia ukiwa unastahili.

Nakueleza tu ninachofanya, siombi kitu. Mtaimbo wenu niliukuta stoo, nyuma ya makreti ya kofia. Kila siku magari yakishaondoka nashuka nao. Nilianzia Ngazi. Tatu zilikuwa zimebomoka, ya nne, ya tano na ya tisa. Nimezijenga upya kwa mawe makavu, moja chini ya nyingine, kama alivyojenga Mama. Nilikuwa sijui alivyochoka. Jioni mikono haifungi, kijiko kinaanguka. Siku nyingine nakaa juu ya ngazi ya tano nazungumza peke yangu, natangaza hatua kama ulivyokuwa ukitangaza kwa wageni, "Sasa inakuja ya sita, mkae imara," na hakuna mgeni hata mmoja.

Kivuko cha zamani kimekufa kweli. Lakini hatua hamsini juu yake kuna mwamba chini ya maji, umelala kama sakafu. Nimeujaribu kwa miguu siku ishirini na mbili, asubuhi na jioni, wakati wa jua na baada ya manyunyu, na fimbo niliyoitia alama ya kimo cha akseli ya gari. Siku tatu katika hizo nilirudi ukingoni, sikuvuka. Jiwe jingine jeupe nimeliweka mahali pake, mtoni, baada ya siku ya ishirini na mbili, siyo kabla.

Msimamizi nilimwomba fo-wili. Akacheka, akasema chukua, tutapata pa kuegesha. Kuku amehamishwa, hakupenda. Matairi yalikuwa stoo. Injini iliwaka mara ya tisa. Jana nimemaliza kukata Kona ya Kikohozi, amebaki Kinyozi. Ile miiba nimeiacha kidogo upande wa dereva.

Ni hayo tu.

Mwanao


20 Septemba

Kwa kitinda mimba,

Barua hii inaandikwa na fundi cherehani, mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze kitu.

Marahaba.

Hasira ilikwisha Julai. Nilikaa kimya kwa sababu nyingine. Bomba lilifunga Julai hiyo hiyo. Jumamosi moja fundi akashika nyuzi zake, akaniuliza, nikasema leo hukuleta. Sasa nabagua mwanga na giza tu, mchana na usiku, na mtu akipita mbele ya dirisha. Tofali zangu nne zimekwenda na ufa wake. Sikujua nikuambie vipi. Nikaona nikikuambia utaacha mtaimbo, utakaa chini ulie. Umeona? Na mimi pia nikaanza kukuficha nisikuumize. Ugonjwa huu ni wa ukoo.

(Mimi mwandishi naongeza, ingawa nimekatazwa. Barua yako ya Septemba nimemsomea mara saba. Kwenye kuku anacheka, kwenye ngazi ya tano ananiambia nisimame kidogo.)

Ulipoandika kwamba uliweka jiwe baada ya siku ya ishirini na mbili, siyo kabla, nilimwambia fundi arudie. Dereva hasemi neno hilo kwa kupamba. Hapo nikajua unaandika kwa mkono ule wa zamani.

Usije na basi. Barabara ya kandambili siitaki. Nipitishe kwangu. Macho siyahitaji kwa safari hii. Miaka thelathini niliendesha njia ile kwa mgongo. Kinyozi nitamsikia kwenye mlango. Kona ya Kikohozi nitaisikia kwenye injini. Kivukoni utasimama, nitashuka, nitaingia majini kwa miguu yangu nikiwa nimekushika bega, na fimbo hiyo yenye alama utanipa mimi. Ngazi nitazihesabu kwa kiti. Ya nne, ya tano na ya tisa nitazijua, maana mawe mapya hayagongi sawa na ya mama yako, na ukinidanganya hata moja nitakushusha tupande kwa miguu.

Halafu tuingie chemba ya tatu. Uzime taa kwa ile dakika moja. Nimeifikiria sana dakika hiyo humu chumbani, hakuna cha kufanya zaidi. Pale tutakuwa sawasawa, mimi na wewe, hakuna anayeona na hakuna wa kumficha mwenzake. Nataka unikalie karibu uniambie ulivyoishi miaka hii miwili, na kofia zako, kwa mdomo. Ukimaliza ndipo uwashe, uniambie mawe yanavyoning'inia. Nitakuamini.

Viatu vya kazi nimeshavipaka dawa. Njoo unichukue.

Picha usilete.

Baba yako,
Gia Moja